Kidani Kisomwe Kabla Hakijavunjwa

Katika miaka yangu yote ya ualimu nilizoea kuhakiki vitabu. Kazi hiyo nilifunzwa chuo cha ualimu, ambako mkufunzi wetu wa Kiswahili alitukataza kusema kitabu ni kizuri au kibaya kabla hatujaeleza kimeundwaje na kinasema nini. Fani kwanza, maudhui baadaye, hukumu mwisho. Sikutazamia kwamba nikiwa mzee niliyekwisha pita miaka 70, nimestaafu ualimu mkuu na kubaki na minazi yangu, nitatakiwa kuhakiki kidani cha fedha. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na hukumu niliyotakiwa kuitoa haikuwa ya maksi. Nilitakiwa kusema kama kidani kivunjwe au kisivunjwe.

Kwanza nieleze kisa chenyewe. Dada yangu alifariki bila kuacha mtoto. Kabla ya kufa aliusia kwamba kidani alichokipata kwa mama yetu kiwe cha wajukuu zangu watatu, wote wasichana. Hakusema wakigawane vipi. Mkubwa ni muuguzi, na wakati huo alikuwa akijiandaa kuolewa. Wa kati ana duka la nguo. Mdogo yungali masomoni. Walikuja kwangu alasiri moja ya Ijumaa, wakaniamkia, wakanywa chai, kisha wakatoa kidani ndani ya kopo la biskuti na karatasi waliyochorewa na sonara mmoja wa Tanga.

Mpango wao ulikuwa huu. Shanga za fedha ziyeyushwe, zifuliwe bangili tatu nyembamba zinazofanana. Akiki zitiwe kwenye pete. Reale kubwa ya katikati apewe bibi harusi, aitundike kwenye mkufu. Kikasha cha hirizi kifunguliwe, kwa sababu ukikitikisa kuna kitu kinacheza ndani, na yule mdogo alikuwa na shauku kubwa ya kujua ni nini. Marijani hazikutajwa katika karatasi. Sonara alisema hazina soko.

"Babu," akasema wa kati, "hivyo kila mmoja atapata chake, na hakuna atakayenung'unika."

Nikawaomba wiki mbili. Wakaniachia kopo.

Nilikiweka kidani juu ya meza, nikachukua daftari la mazoezi, nikaanza kama nilivyofundishwa. Nilihesabu shanga za fedha 24, kila moja ikiwa na ukubwa wa kungumanga. Zote ni tupu ndani. Kila ushanga umeundwa kwa vipande viwili, mfano wa bakuli mbili ndogo zilizokutanishwa midomo na kuunganishwa kwa lehemu. Juu yake umezungushwa waya mwembamba wa fedha uliosokotwa, na baina ya waya na waya vimepangwa vitembe vya fedha vidogo kama mbegu za mchicha. Nilitumia lenzi yangu ya kusomea nikahesabu vitembe vya ushanga mmoja, nikapata 62. Zidisha kwa 24, unapata 1,488. Kila kimoja kiliwekwa kwa mkono, na moto ulipimwa kwa jicho. Fedha safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 961 za Selsiasi, na lehemu huyeyuka chini ya hapo. Fundi akizidisha moto kidogo tu, ushanga na vitembe vyake vyote huwa tone moja.

Baina ya shanga za fedha zimo akiki 9 za rangi ya damu ya mzee. Akiki za namna hii zilichongwa na kutobolewa kwa karne nyingi huko Khambhat, katika Gujarat ya India, ambako mawe huchomwa ili wekundu wake ukolee, kisha vyombo vya tanga vilizileta pwani yetu kwa upepo wa kaskazi. Zimo pia marijani 6. Hii si ile ya miambani kwetu. Marijani nyekundu ya mapambo asili yake ni bahari ya Mediterania. Kipo kikasha cha hirizi, kirefu kama kidole cha shahada, kilichozibwa pande zote mbili. Na katikati, kama mwenyekiti wa mkutano, ipo ile reale.

Wazee wetu waliiita reale ya Sham. Ni sarafu yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambaye alifariki mwaka 1780. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha safi. Ilipendwa mno katika biashara ya Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu, hata baada ya malkia kufa iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule wa 1780. Haikupigwa Vienna peke yake. Katika karne ya 20 ilipigwa pia Rome, London na Bombay, na daima mwaka ulioandikwa ni 1780. Basi msomaji mwenye reale kama hiyo sandukuni asikimbilie kutangaza kwamba ana mali ya miaka 240. Tarehe iliyo juu ya fedha haikupi umri wa fedha, sembuse umri wa kidani.

Jambo la mwisho katika fani ni aibu kidogo. Uzi wa kidani ulikuwa umeoza, na dada yangu aliunganisha nyuma kwa kipande cha mnyororo wa bati wa sokoni. Chini ya kopo nilikuta shanga nyingine 3 za fedha, zimebonyea. Nadhani alizitoa alipokipunguza urefu.

Sasa maudhui. Kidani hiki kinasema nini? Mtu wa haraka atajibu kwamba kinasema ya kale ni dhahabu. Mimi sikubaliani naye. Kidani kama hiki kilikuwa benki ya mwanamke. Mume angeweza kuwa na mashamba na chombo baharini, lakini fedha iliyokuwa shingoni na miguuni mwa mke ilikuwa yake mwenyewe. Akiachwa, aliondoka nayo. Njaa ikiingia, alijua pa kuanzia. Na sonara aliyetengeneza shanga hizi alizipata wapi fedha zake? Kwa kawaida aliyeyusha reale. Mteja alikuja na sarafu zake, zikapimwa, zikatiwa motoni. Oman nako ilikuwa ada mwanamke akifariki vito vyake vya fedha kuuzwa kwa uzito na kuyeyushwa, ili bibi harusi mwingine avae kipya kisichowahi kuvaliwa. Kwa hiyo anayesema kuvunja vito ni kuvunja mila amekosea. Kuvunja nako kulikuwa mila.

Na mimi ni mtu wa mwisho anayeweza kulikana hilo. Mama yangu alikuwa na mitali miwili ya fedha, mizito, iliyolia alipotembea, hata sisi watoto tulijua yuko chumba gani. Mwaka 1961 nilichaguliwa kuingia shule ya kati, na ada haikuwapo. Baba alikuwa amekwisha fariki. Nilikuwa na miaka 13. Nilifuatana na mama hadi kwa sonara, na nikamwona akikaa juu ya jamvi akivua mtali wa kwanza, kisha wa pili, kwa shida, maana mguu ulikuwa umenenepa tangu alipovishwa. Sonara aliipima. Kisha, kwa kuwa haikuenea katika chungu chake cha kuyeyushia, aliiweka juu ya fuawe akaipiga nyundo mbele yetu. Mama alitazama ukutani. Njiani kurudi sikumsikia nyuma yangu, nikageuka kuhakikisha kama bado yupo.

Ada ililipwa. Nikamaliza shule, nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha maelfu ya watoto kusoma. Mitali ile ingekuwapo leo, ningewaonyesha wajukuu kwa fahari. Lakini fahari hiyo ningekuwa naionea wapi? Pengine kwenye ngalawa, nikivua changu. Siwezi kusimama juu ya mgongo wa mitali iliyovunjwa nikahubiri kwamba vito vya kale visivunjwe kamwe.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba kuvunja vito ni jambo la wahitaji tu. Wenye nacho huvunja zaidi. Almasi iitwayo Koh-i-Noor Waingereza waliichukua Lahore mwaka 1849, wakaionyesha London mwaka 1851. Watu waliojipanga kuitazama walilalamika kwamba haing'ai. Mwaka 1852, kwa usimamizi wa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, ikachongwa upya. Iliingia kwa wachongaji ikiwa na karati 186, ikatoka na 105 na ushei. Kweli iling'aa. Lakini umbo la zamani, ambalo watawala wa Asia walilijua, lilikwenda na vumbi la jiwe, na hapana fundi duniani awezaye kulirudisha.

Tukio jingine ni la karibu. Oktoba 2025 wezi waliingia jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris, wakaiba vito vya watawala wa zamani wa Ufaransa. Hofu iliyotamkwa mara moja ni kwamba vitavunjwavunjwa ili mawe yauzwe moja moja. Dunia ikasikitika, na ni haki kusikitika. Lakini mwaka 1887 Jamhuri ya Ufaransa yenyewe iliuza vito vya taji kwa mnada, na vingi vikavunjwa na walionunua. Safari hiyo hapakuwa na mwizi. Palikuwa na stakabadhi.

Ukiiweka mifano hii pamoja na mitali ya mama, unaona kwamba swali la kivunjwe au kisivunjwe limekaa vibaya, kama mtihani ambao mtungaji hakuusoma kabla ya kuupeleka kuchapwa. Ndipo nikayaandika maswali mengine matatu katika daftari.

La kwanza: ni haja au ni hamu? Mama yangu alikuwa na haja. Prince Albert alikuwa na hamu. Haja inaweza kukipita kidani kwa uzito, hata kiwe kizuri namna gani. Hamu nayo si dhambi, lakini hamu hubadilika, na bangili iliyo katika fasheni mwaka huu itakuwa imechosha kabla ya mtoto wa bibi harusi kuanza shule.

La pili: kitakachofanywa kinaweza kutenguliwa? Kutunga shanga katika uzi mpya kunatenguka. Kuondoa mnyororo wa bati kunatenguka. Kuyeyusha hakutenguki. Wengi wetu tunayaita yote haya kwa jina moja, kutengeneza upya, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Ushanga uliohama kutoka kidani hiki kwenda mkufu ule bado ni ushanga. Ushanga ulioyeyushwa ni gramu.

La tatu: kitakachopatikana kinazidi kilichokuwapo? Kwa swali hili ilinibidi niende mwenyewe kwa sonara.

Nilimkuta ni kijana wa makamo, mwenye adabu. Alikipima kidani mbele yangu, akaniambia shanga zinaonekana nyingi lakini ni tupu, na zikiyeyushwa na lehemu zake fedha itapungua usafi, hivyo atalazimika kuongeza fedha mpya ili bangili tatu zitimie. Nikamuuliza, "Fundi, ukishazivunja, nikikuletea fedha ileile unaweza kunifanyia ushanga kama huu?" Aliugeuzageuza kwenye mwanga, akatabasamu. "Mwalimu, nisikudanganye. Babu yangu aliweza. Mimi bangili naweza, pete naweza. Vitembe hivi siviwezi." Nilimheshimu kwa jibu hilo. Kwa hesabu yake mwenyewe tungempa kazi asiyoweza kuifanya ili atufanyie anayoiweza, tena kwa malipo.

Akaniambia na jambo jingine ambalo laiti jamaa yangu mmoja angelijua. Jamaa huyo alipeleka vipuli vya fedha na marijani kwa fundi mwingine, ambaye simtaji, akavitia ndani ya tindikali ili ving'ae. Fedha iling'aa kama kijiko kipya, weusi uliokuwa umekaa katika nakshi ukatoka, na nakshi yenyewe ikawa haionekani tena. Marijani zilitoka zimepauka na kuliwa. Bibi zetu walisugua fedha kwa ndimu na majivu, na kwa mkufu mtupu hakuna neno. Lakini marijani na lulu huliwa na ndimu, huliwa na siki, na moto wa lehemu huziharibu. Akiki hustahimili tindikali kuliko marijani. Anayetaka kugusa kito cha kale na ajue kwanza kila jiwe lake ni nini, maana dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Siku ya wiki mbili wajukuu wakarudi. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kufundisha mbele ya mkaguzi, lakini yule wa kati alinitangulia.

"Babu," akasema, "najua utasema tusikivunje. Lakini kidani hiki bibi alikivaa mara ngapi? Mimi sikumwona nacho hata siku moja. Kimekaa kwenye kopo la biskuti miaka yote. Tukikiacha kizima kitarudi koponi. Afadhali bangili ninayoivaa kuliko kidani ninachokizika."

Nakiri kwamba hoja hiyo ilinipata. Nimefundisha fasihi muda mrefu, na ninajua kwamba kitabu kisichosomwa hakimfai mtu kwa kuwa tu jalada lake halijachanika. Na kosa lilikuwa letu, mimi na dada yangu, tulioona kukihifadhi ni kukificha. Nikamwambia hivyo. Kisha nikawaonyesha shanga kwa lenzi, mmoja baada ya mwingine, nikawaeleza habari za Khambhat na za reale. Nikawaeleza pia habari za mitali, ambazo sikuwahi kumwambia mtu yeyote katika nyumba hii, hata bibi yao. Mkubwa aliuliza, "Bibi mzaa babu alilia?" Nikasema hapana, alitazama ukutani.

Hukumu yangu ikawa hivi. Kidani kitungwe upya kwa uzi imara, mnyororo wa bati utolewe, na kiungo cha fedha kitiwe mahali pake. Hilo sonara anaweza. Zile shanga tatu zilizobonyea zinyooshwe kadiri zinavyokubali, na kila msichana apewe moja aivae kwenye mkufu wake mwenyewe, kila siku akitaka, kazini au sokoni. Kidani chenyewe kiwe cha wote watatu. Bibi harusi akivae siku yake, kisha kikae kwa kila mmoja mwaka mmoja mmoja, kwa sharti kwamba anayekaa nacho akivae angalau katika Idi mbili na katika kila harusi ya ukoo. Asiyekivaa, zamu yake inapita. Na kama siku moja mmoja wao atakuwa na haja ya kweli, haja ya aina ile iliyompeleka mama yangu kwa sonara, wakae watatu, wakubaliane, na wakiuze au wakivunje bila kuogopa kaburi langu. Haja hiyo ikifika, kidani kitakuwa kinafanya kazi kiliyoundiwa.

Kuhusu kikasha cha hirizi, niliomba kibaki kimefungwa. Aliyekiziba alitaka kizibwe. Mdogo alikunja uso, lakini akakitikisa mara moja zaidi karibu na sikio lake, akakirudisha.

Sitaki msomaji adhani kwamba wote waliridhika. Wa kati aliniambia mlangoni, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba mali ya watatu ni mali ya ugomvi, na kwamba nimewapa nusu maksi kila mmoja. Huenda yuko sahihi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawakusema mbacha mmoja ulaliwe vipi na watu watatu. Nimeyaona mengi yakivunjika katika koo za watu kwa vitu vidogo kuliko kidani, na bangili tatu zinazofanana zina amani yake. Niliipima amani hiyo. Nikaona kwamba shanga 3 zinaweza kuibeba sehemu kubwa yake, na kwamba hasara ya shanga 24 hakuna wa kuilipa.

Harusini kidani kilivaliwa. Nilikuwa nimeketi upande wa wanaume, sikukiona vizuri. Wanawake waliniambia kilipendeza, na kwamba mzee mmoja jirani alikishika reale akauliza ni ya nani.

Kwa hiyo msomaji mwenye kidani, kipini, mtali au pete ya marehemu sandukuni mwake, ombi langu kwako si kwamba usivunje. Sijui haja yako. Ombi langu ni kwamba kabla ya kukipeleka kwa fundi, ukae nacho mezani jioni moja. Kipime. Hesabu mawe yake, uliza kila moja ni jiwe gani. Kipige picha mbele na nyuma. Andika katika daftari nani alikivaa, alikipata kwa nani, na siku gani kilionekana mara ya mwisho shingoni mwa mtu. Kisha muulize fundi kama anaweza kukifanya tena hicho unachomwomba akivunje, na usikilize jibu lake hadi mwisho. Ukiyafanya hayo ukaona bado kivunjwe, basi kivunje, na lile daftari utunze.

La mitali ya mama sina daftari wala picha. Nina sauti yake tu, na hiyo nikifa inakwenda nami. Ndiyo sababu nimeiandika hapa.